Lyatonga Mrema: kutoka CCM 1995 mpaka kupokonywa kiti cha Temeke 1999 (uzi mrefu, njoo na chai)

#1 Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Jana kulikuwa na mjadala wa wabunge wanaohama vyama, watu wakataja wa 2017 na 2018 waliokuwa wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, wakataja Nyalandu, Zitto, Lowassa, mpaka kijana mmoja akauliza hivi huyo Mrema mnayemtajataja alifanya nini hasa. Nikashindwa kulala vizuri kwa kweli. Yaani huyu mtu gari lake lilikuwa linazimwa injini halafu linasukumwa na watu kwa mikono kilometa na kilometa, leo kijana ana kitambulisho cha mpiga kura na hamjui. Ngoja niandike ninavyojua, wakongwe mtajazia.

Augustine Lyatonga Mrema amezaliwa Kiraracha huko Vunjo, tarehe 31 Desemba 1944. Ameanza na ualimu, akaingia usalama wa taifa, baadaye siasa, miaka ya 80 akawa mbunge wa Moshi Vijijini kwa CCM maana chama kilikuwa kimoja tu. Hapo bado ni mbunge kama wabunge wengine. Moto uliwaka 1990 Mzee Mwinyi alipomteua Waziri wa Mambo ya Ndani.

Kama hukuwepo kipindi kile nitakueleza ilivyokuwa. Tulizoea waziri ni mtu unayemsikia redioni tu, RTD saa mbili usiku, waziri amefungua semina, waziri amepokea ugeni. Mrema akawa anatokea kituo cha polisi bila taarifa. Ofisini kwake kuna foleni ya wananchi, mama ametelekezwa na watoto, mzee amedhulumiwa kiwanja, kijana ndugu yake yuko mahabusu hajui kosa lake, wote wanataka kumuona Mrema na Mrema anawasikiliza. Anatoa siku saba. Ukiambiwa na Mrema una siku saba ulikuwa unajua kabisa hizo siku zinahesabika. Sungusungu nao akawapa nguvu mitaani. Wanasheria walilalamika kwamba anaamua mambo ambayo ni ya mahakama, na hoja yao ilikuwa na uzito siwezi kuikataa, ila mtu aliyezungushwa mahakamani miaka sita ungemwambia nini akakuelewa?

Akapewa na cheo cha Naibu Waziri Mkuu juu yake. Cheo hicho kwenye Katiba hakimo, kabla yake alikuwa nacho Dk. Salim Ahmed Salim, na baada ya Mrema kikalala mpaka 2023 Rais Samia alipompa Biteko. Kwahiyo mpime wenyewe uzito wa mtu.

Mwisho wa 1994 akahamishwa kutoka Mambo ya Ndani akapelekwa Wizara ya Kazi na Maendeleo ya Vijana. Mitaani watu walielewa maana yake, mtu wa polisi na magereza unampeleka wizara ile. Halafu mwanzoni mwa 1995 likaja lile suala la fedha za mpango wa kubadili madeni zilizotolewa kwa ajili ya mashamba ya mkonge Tanga. Mrema akasimama bungeni akasema serikali inamlinda mhusika. Sasa yeye ni waziri wa serikali hiyohiyo! Kuna kitu kinaitwa uwajibikaji wa pamoja, mkishakubaliana kwenye baraza la mawaziri basi mnasema kitu kimoja nje, hutaki unajiuzulu kwanza ndo unaongea. Mzee Mwinyi akamfuta uwaziri. Haukupita muda mrefu akaitupa kadi ya CCM na ubunge ukaenda na kadi, akaingia NCCR-Mageuzi na kukabidhiwa uenyekiti pale pale.

Naendelea chini, vidole vimechoka.

#2

Mkuu umenirudisha mbali sana. Shusha shusha tuko hapa.

#3 Mleta mada

Tuendelee.

1995 ndo uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu vilivyorudi 1992. CCM wamemsimamisha Mkapa, NCCR Mrema, CUF Lipumba, UDP Cheyo. Mimi nilikuwa mdogo, tunakaa Tandika, na uwanja wa Mwembe Yanga sio mbali na nyumbani. Siku Mrema anakuja sisi watoto tulitoka asubuhi. Gari lilikuja jioni, na kama nilivyosema halikuwa linaendeshwa, linasukumwa. Watu wanapokezana, ukichoka unatoka anaingia mwingine. Baba yangu alikuwa mtu wa makamo, mtu mpole hata sauti hapandishi, nilimuona amesukuma lile gari na shati limelowa lote. Sikuwahi kumuona vile kabla na sikumuona tena.

Upande wa pili Mwalimu Nyerere akaamka Butiama akazunguka nchi kumnadi Mkapa. Na Mwalimu akisema kitu wakati ule wakuu mnajua wenyewe. Matokeo Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8 ambazo ni kura zaidi ya milioni 1.8, Lipumba 6.4, Cheyo chini ya 4. Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika, vifaa vilichelewa vituo vingine havikufunguliwa kabisa, tume ikafuta matokeo ya majimbo yote saba ya mkoa ukarudiwa Novemba na wapinzani wakagoma kushiriki. Ndio maana wazee wa Temeke walibaki na kinyongo, walikuwa na kura mfukoni siku wagombea wao wamegoma.

Hiyo 27.8 msiipite haraka. Dk. Slaa 2010 na nguvu yote ile ya CHADEMA alipata 27 na kidogo, hakumfikia. Imekaa miaka 20 mpaka Lowassa alipoivunja 2015 na karibu asilimia 40, na Lowassa naye katoka CCM miezi mitatu kabla ya kura. Yaani wapinzani wawili waliosogea zaidi karibu na Ikulu kwa miaka hiyo 20 wote ni watu waliotoka CCM mwaka huohuo wa uchaguzi. Na Slaa mwenyewe alikuwa CCM mpaka 1995 alipokatwa jina Karatu.

Sasa Temeke. Mbunge aliyepatikana kwenye ule uchaguzi wa marudio, jina lake Kihiyo, alishtakiwa mahakamani, elimu yake ikahojiwa, akajiuzulu kesi ikiwa inaendelea. Ndo neno "kihiyo" lilipozaliwa mitaani, vijana mnaolitumia sasa mjue limetoka Temeke. Uchaguzi mdogo ukaitishwa 1996, NCCR wakamleta mwenyekiti wao agombee. Alishinda. Wazee wangu pale Tandika walicheza ngoma mpaka asubuhi, maana kura ya 1995 waliiona kama imeliwa na hii sasa ndo ilikuwa kura yao.

Miaka mitatu tu. NCCR ikagawanyika, kambi ya Mrema mwenyekiti na kambi ya Marando katibu mkuu, wakapelekana mpaka mahakamani, ofisi zinagombewa, ruzuku inagombewa. 1999 Mrema akaona yamemshinda, akaondoka akaenda TLP chama cha jogoo. Na kwa sheria yetu ukiondoka kwenye chama kiti unakiacha. Siku hiyohiyo Temeke haikuwa na mbunge.

Baba alisikia kwenye redio. Alikaa kimya muda mrefu halafu akasema mimi nilimchagua Mrema, hicho chama sijui hata ofisi yake iko wapi. Hilo neno ndo limenifanya niandike uzi huu wote.

#4

Mleta mada nakuheshimu ila unamtetea sana. Mrema huyo huyo ndiye aliyeiua NCCR. Kabla yake chama kilikuwa na watu kama kina Marando, Lamwai, Bagenda, kilijengwa na wasomi waliokuwa wanadai katiba mpya toka 1991 wakati yeye ni waziri wa polisi anawakamata wapinzani. Amekuja na umaarufu wake akakabidhiwa chama kizima, 1995 kikapata viti 16 vya majimbo, ilipofika 2000 chama hakina hata hali. Alitaka kila kitu kiwe yeye. Mtu aliyezoea kutoa siku saba huwezi kumkalisha kwenye kikao cha kamati kuu akubali kupingwa.

Pili hilo la baba yako (pole na heshima kwake) sikubaliani nalo. Kwenye karatasi ya kura kuna nembo ya chama. Kuna watu Temeke walimpa Mrema kwa sababu ya NCCR. Akihama na kiti hao atawaambia nini? Ungekuwa hakuna sheria hiyo 2017 wabunge wangehama thelathini kwa siku moja na viti vyao mfukoni.

#5 Mleta mada

Mkuu #4 umeandika vizuri na sikukatalii yote. Kwamba hakuwa mtu wa vikao ni kweli, hata waliompenda wanasema hivyo. Na alipokuwa Mambo ya Ndani wapinzani walipata tabu, hilo nilipaswa kuliandika pale juu, sikuliandika, nakubali kosa.

Lakini kwenye hili la pili nisikilize vizuri. Mimi sijasema angebaki na kiti. Nasema arudi kwa wananchi, sawa kabisa, tena haraka. Ila arudi kama nani? Hapa kwetu ibara ya 67 inasema mbunge lazima awe mwanachama wa chama na amependekezwa na chama. Kwahiyo mtu akigombana na mwenzake ofisini hana njia ya kusema jamani wana Temeke nimegombana na wenzangu nahukumuni mimi mwenyewe. Lazima kwanza atafute chama kingine cha kumbeba, hata kama ni kidogo, hata kama hakijui kinaamini nini. TLP wakati ule nani alikuwa anaijua? Imejulikana kwa sababu ya Mrema. Yeye hakuifuata TLP kwa imani, aliifuata kwa sababu sheria inataka karatasi.

Na kuna kitu kinaniuma kila nikikikumbuka. Oktoba 1994 Mchungaji Mtikila alishinda kesi Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira akasema mgombea binafsi aruhusiwe. Serikali ikakimbilia bungeni, mwisho wa mwaka huohuo ikapeleka marekebisho ya Katiba, mlango ukafungwa. Angalieni tarehe wakuu. Mwisho wa 1994 Mrema ni waziri yumo ndani ya hilo baraza na ndani ya hilo Bunge. Miezi michache baadaye yeye ndiye mtu mmoja Tanzania nzima aliyeuhitaji ule mlango kuliko wote. Ungekuwa wazi 1995 asingehitaji kuingia NCCR ya watu wala kugombana na Marando wala kwenda kwa jogoo. Angesimama Lyatonga kama Lyatonga.

Mtikila hakuchoka, Mahakama Kuu ikampa tena haki 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2010 ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha akashinda Juni 2013. Mtikila amefariki kwa ajali 2015 na mgombea binafsi hajaruhusiwa.

#6

Hapo kwenye tarehe nimepata baridi. Sikuwahi kuziweka pamoja.

#7

Mimi nina swali, je sheria inawabana wote sawasawa? Maana Kafulila alifukuzwa NCCR 2011 akabaki bungeni kwa amri ya mahakama, Hamad Rashid alifukuzwa CUF 2012 naye akabaki. Halafu 2017 wale wa viti maalum wa CUF wanane wakaondolewa fasta. Halafu wale 19 wa CHADEMA walifukuzwa uanachama mwaka 2020 na wakaendelea kukaa bungeni. Sasa chama ndo mwenye kiti au sio?

#8 Mleta mada

#7 swali lako ni zito na nakushukuru. Kuna tofauti ya kuhama mwenyewe na kufukuzwa. Anayehama mwenyewe ni rahisi, kaandika barua, kakabidhi kadi, kaitisha waandishi wa habari, hana pa kukimbilia. Anayefukuzwa anaweza kwenda mahakamani akasema sikusikilizwa, na akipata zuio anakaa bungeni mpaka kesi iishe, na kesi zetu unazijua. Pia Spika ndiye anayetangaza kiti kiko wazi, kwahiyo barua ya chama ikifika kwake kuna zinazofanyiwa kazi ndani ya siku chache na kuna zinazokaa miaka. Mimi huwa naona hapo ndo kwenye tatizo kuliko sheria yenyewe.

Na wale wa 2017 na 2018 kina Mtulia wa Kinondoni, Mollel wa Siha, Waitara wa Ukonga, Kalanga wa Monduli, wao walihama kwenda upande wenye nguvu, wakaacha viti na wakarudishwa kwenye viti vilevile kwa kadi mpya. Sheria haikuwazuia kitu, ilitugharimu uchaguzi mdogo tu basi. Kwahiyo ile hoja kwamba sheria inazuia kuhama mimi imenishinda, inamzuia yule anayehama kwenda mahali hakuna kitu. Mrema 1999.

#9

Mimi ni wa Vunjo, naongezea ya mwisho mwisho maana mleta mada ni mtu wa Temeke hayajui. 2000 aligombea urais kwa TLP akapata asilimia 7.8, 2005 akapata hata moja haikufika, 0.75. Watu wa mjini wakasema mzee kwisha. Sisi nyumbani 2010 tukampa ubunge wa Vunjo, mzee wa Kiraracha akarudi bungeni akiwa na umri wa miaka 65. Na alifanya kazi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za serikali za mitaa, wakurugenzi wa halmashauri walikuwa wakiitwa kwake wanaenda wamejipanga.

Ila afya ilikuwa imeshaanza kugoma. 2015 akagombea tena, akashindwa na Mbatia. Na Mbatia wakati ule alikuwa mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi. Mimi siku ile nilikuwa kituoni hapo Himo, mzee mmoja akaniambia NCCR imemrudia Lyatonga mpaka mlangoni kwake. Nilimpigia kura Mbatia kwa sababu ya UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, na nilitoka kituoni sina raha, najieleza leo kwa mara ya kwanza.

#10 Mleta mada

#9 ahsante sana ndugu yangu, hili la NCCR kumrudia nilikuwa naliwaza lakini wewe ulikuwepo.

Namalizia kipande changu. 2016 Rais Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Kuna watu walimsema sana, kwamba mpinzani gani anapokea kazi ya rais wa CCM, na ilipofika 2020 TLP ikamuunga mkono Magufuli kabisa badala ya kusimamisha mgombea wao. Mimi nilikasirika wakati ule. Nilimuona kama ameuza lile gari tulilosukuma.

Hasira zilipungua nilipoanza kusikia alichokuwa anafanya kwenye ile bodi. Parole ni mfungwa aliyetumikia sehemu ya kifungo chake na ana tabia njema anaangaliwa kama anaweza kumalizia nje kwa masharti. Mrema alikuwa anazunguka magerezani, anauliza mbona huyu yupo bado, mbona wanaofaa hawaletwi kwenye bodi, anasema msongamano umezidi. Sauti ilikuwa imechoka lakini ni maneno yaleyale ya 1990 ya kwenye foleni ofisini kwake, ndugu yangu yuko ndani sijui kosa lake. Kazi aliyoipenda ilikuwa ile, kumsikiliza mtu mmoja mmoja na kumtoa kwenye shida yake. Urais na vyama nadhani vilimfuata tu kwa sababu kwa nchi yetu ukishapendwa na watu kiasi kile hakuna kiti kingine cha kukukalisha.

#11

Mkuu #10 hapo mwisho umetetea tena. Kupokea uteuzi ni kupokea uteuzi. Ila nakubali kwamba nilimjaji kwa 2020 tu, 1990 sikuwepo.

#12

Aliuguzwa Muhimbili, akafariki hapohapo tarehe 21 Agosti 2022 akiwa na miaka 77. Amezikwa nyumbani Kiraracha. Mke wake wa miaka mingi alitangulia 2021, na yeye akaoa tena Machi 2022, watu wakamsema kwa hilo pia wakati mzee alikuwa anataka mtu wa kukaa naye.

#13 Mleta mada

#12 umesema kweli, na yale maneno ya mtandaoni ya Machi yalinikera.

Baba yangu alikuwa hai Mrema alipofariki. Nilimpigia simu jioni nikidhani hajasikia, kumbe kasikia tangu asubuhi. Akaniuliza kama yule dereva wa gari la Mwembe Yanga nilimuona siku ile, nikasema baba mimi nilikuwa mtoto sikuona kitu zaidi ya migongo ya watu. Akasema dereva alikuwa analia, ameshika usukani tu na gari linaenda.

Mwenye picha za mkutano ule wa Mwembe Yanga 1995 naomba aziweke hapa, nimetafuta sana sijapata.